Kabla ya Kulaumu Mbegu za Mumeo

SWALI: Shangazi, tuliingiziwa mbegu kwenye mji wa mimba, hatukufanikiwa. Mume wangu alijizuia siku kumi ili zijae, akatoa nyumbani, mimi nikapeleka kikopo kwenye mkoba. Maabara wakatumia njia ya kuogelea, zikapatikana chache mno. Nimesikia ile ya kuzungusha kwenye mashine ni bora, lakini mwenzangu ananuna, hataki kurudi. Nifanyeje na mwanamume asiyejali?

JIBU: Pole mwanangu. Ila umemshtaki mwenzio barua nzima, na hukusema kikopo kilikaa muda gani mkobani. Mimi nashuku hapo.

Shirika la Afya Duniani linataka mwanamume ajizuie siku 2 hadi 7. Kumi zinaongeza idadi, lakini nyingi ni mbegu zilizochoka. Shahawa zinatakiwa zifike maabara ndani ya dakika 30, zisizidi saa moja, kikopo kikiwa karibu na mwili. Zikipata baridi, mbegu hulegea.

Kwenye kuogelea, mililita moja ya shahawa huwekwa kwenye mrija pamoja na maji ya virutubisho juu yake, mrija ukalazwa nyuzi 45, ukaachwa saa moja kwenye joto la nyuzi 37. Zenye nguvu hupanda, na mililita ya juu ndiyo inayochukuliwa. Ni safi na zina mbio, ila huwa chache. Mbegu zikiwa zimelegea tangu mwanzo, utavuna nini?

Ya mashine ina tabaka mbili za dawa ya maji: nyepesi ya asilimia 40 juu, nzito ya asilimia 80 chini. Shahawa humwagwa juu taratibu, mrija ukazungushwa dakika 15 hadi 30 kwa nguvu mara 300 hadi 400 ya uvutano wa dunia. Nzima hushuka chini. Zilizokufa na chembe nyeupe za damu hukwama katikati. Kisha zinaoshwa kuondoa dawa. Mwenye mbegu haba hii humfaa zaidi. Lakini kwa matibabu yenu, haijathibitishwa kwamba inaleta mimba nyingi kuliko ile nyingine.

Kwa hiyo niko upande wa mumeo. Alijizuia siku kumi, huyo ndiye asiyejali? Ndoa za siku hizi majibu ya maabara yamegeuka fimbo ya kuchapana, na mwanamume akichapwa hapo hunyamaza.

Mwombe radhi. Akikubali, ajizuie siku 3, atoe sampuli hapohapo kliniki, bila mafuta wala mate. Muulizeni mtaalamu mbegu zinazokimbia zilikuwa ngapi kabla ya kusafishwa na ngapi baada, naye achague njia kwa hesabu hiyo.