Kizimba cha protini kinageuka mabonge: tatizo ni usanifu au ni maabara?

Swali: Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Nimebuni kwa kompyuta protini ambayo vipande vyake 60 vinatakiwa vijipange vyenyewe viwe kizimba cha pande 20, yaani ganda lenye uwazi ndani. Kila kipande kina kilodaltoni 22 (kipimo cha uzito wa molekuli), na nimekizalisha ndani ya bakteria wa E. coli. Kwenye jeli ya SDS, inayotenganisha protini kwa ukubwa baada ya kukunjuliwa na sabuni ya SDS, naona mstari mmoja safi. Kwenye safu ya Superdex 200, mrija wa chembe zenye vitundu ambamo molekuli kubwa hutoka kwanza, protini inatoka mapema kabisa, nikaamini kizimba kimejengeka. Lakini hadubini ya elektroni inaonyesha mabonge tu. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Usiutupe usanifu wako bado, maana vipimo viwili ulivyotegemea havina uwezo wa kutofautisha kizimba na bonge.

Ukichemsha sampuli pamoja na SDS, protini inakunjuka na vipande vinaachana. Kizimba kamili, bonge, au kipande kilichokaa peke yake, vyote vitakupa mstari uleule wa kilodaltoni 22. Jeli imekuthibitishia usafi na urefu wa protini, basi.

Superdex 200 ndiyo iliyokupoteza zaidi. Piga hesabu: 60 mara 22 ni 1,320, yaani megadaltoni 1.3. Safu hiyo hutenganisha vizuri hadi kilodaltoni 600 hivi. Kinachozidi sana hapo hakiingii kwenye vitundu vya chembe zake. Kinapita pembeni na kutoka kwanza. Kwa hiyo kizimba chako, kama kipo, na mabonge yako yalitoka pamoja, na wewe ukapeleka mchanganyiko huo kwenye hadubini. Rudia kwa Superose 6, safu ya aina hiyohiyo inayofika megadaltoni 5. Kama vizimba vipo, vitatoka nyuma ya mabonge, kwenye kilele chao peke yao. Kusanya kilele hicho tu.

Kisha pima ukubwa wa chembe kwa mtawanyiko wa mwanga protini ikiwa bado kwenye maji. Tegemea kipenyo cha nanomita 25 hivi, kama kile cha I3-01, kizimba cha vipande 60 kilichochapishwa mwaka 2016 na kundi la David Baker wa Seattle, Marekani. Soma matokeo kwa uangalifu: kwa chembe ndogo namna hii, mwanga unaotawanywa huongezeka kwa kipeo cha sita cha kipenyo, hivyo mabonge machache sana yanaweza kufunika vizimba vingi. Ikiwa kipimo cha kwenye maji kinaonyesha vizimba na hadubini inakataa, shuku rangi inayopakwa kwenye sampuli ya hadubini. Yuranili asetati, rangi inayotumika sana, ni tindikali, na kuna vizimba visivyoivumilia. Jaribu rangi isiyo na tindikali kali, na punguza wingi wa protini kwenye kiwavu, yaani kijisahani cha wavu kinachobeba sampuli ndani ya hadubini.

Mabonge yakibaki hata baada ya hapo, ndipo turudi kwenye usanifu. Kizimba kinahitaji migusano ya aina mbili: ule unaofunga vipande vitatu kuwa kundi moja, na ule unaounganisha kundi na kundi. Kundi likishawekwa kwenye mhimili wake wa ulinganifu, lina uhuru wa mambo mawili tu: kusogea ndani au nje, na kujizungusha. Kompyuta hutafuta hapo mkao ambao nyuso zinakutana vizuri bila kugongana, halafu hubadilisha asidi amino za nyuso hizo. Usanifu mwingi hufia hapo. Programu hupenda kujaza asidi amino za leusini, isoleusini na valini kwa sababu zinakwepa maji na kung'ang'aniana, lakini haziulizi zinamng'ang'ania nani. Zikizidi, kundi linashika lolote linalokutana nalo, kwa pembe yoyote. Fungua faili lako uangalie asidi amino za uso huo moja moja: katikati ziwe zinazokwepa maji, pembezoni zizungukwe na zenye chaji. Angalia pia sisteini, asidi amino zenye salfa, zilizo wazi nje. Huungana zenyewe kwa salfa, kwa hiyo weka TCEP, kemikali inayovunja viungo hivyo, kwenye bafa (maji ya kuhifadhia protini). Na ukizalisha, shusha joto hadi nyuzi 18 baada ya kuongeza IPTG, kemikali inayowaamsha bakteria waanze kuzalisha, protini ipate muda wa kujikunja.

Kama bado unachagua muundo, mimi ningekushauri vizimba vya protini mbili tofauti. Katika I53-50, iliyochapishwa pia 2016, makundi 20 ya vipande vitatu hukutana na makundi 12 ya vipande vitano, jumla vipande 120. Kila upande husafishwa peke yake ukiwa umetulia, na kizimba hujengeka unapovichanganya. Bonge likitokea, unajua limetokea upande gani na hatua gani. Kwenye protini moja kila kitu hufanyika ndani ya bakteria, hukioni. Njia hiyo ya protini mbili ndiyo iliyozaa SKYCovione, chanjo ya UVIKO-19 iliyoidhinishwa Korea Kusini Juni 2022, ambayo kizimba chake hubeba nakala 60 za kipande cha kirusi.

Kabla ya kuzisafisha peke peke, jaribio la kwanza la kuona kama zinashikana ni rahisi: zalisha protini zote mbili kwenye bakteria mmoja, weka mkia wa histidini kwenye moja tu, pitisha kwenye safu ya nikeli, ambayo hunasa mkia huo. Jeli ikionyesha mistari miwili, ile isiyo na mkia imevutwa na mwenzake, na hapo ndipo unapoipeleka kwenye Superose 6.