“Kaka ameniita teja”

Maswali ya wasomaji kuhusu dawa. Anajibu mfamasia mstaafu, Dar es Salaam.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 36 na watoto wawili. Mwaka 2020 nilianza kushikwa na kitu nisichokielewa. Moyo unaenda mbio, vidole vinakufa ganzi, koo linabana, naona kabisa nakata roho mbele ya darasa la nne. Nikapimwa malaria, presha, sukari, moyo, vyote safi. Nikatibiwa vidonda vya tumbo miezi minane. Mwishowe daktari mmoja akanikalisha, akanisikiliza, akasema ni ugonjwa wa wasiwasi. Akanianzishia sertraline ya miligramu 50, nameza kila asubuhi hadi leo, na nimerudi kuwa mtu.

Ninayo na Valium. Mwanzo niliandikiwa vidonge kumi tu, siku hizi najinunulia mtaani. Kwetu ni Iringa na basi silipandi bila hiyo: nikiwa stendi ya Msamvu nameza kimoja, tukikaribia mlima Kitonga cha pili. Zamani nusu ilinitosha. Na usiku usingizi ukigoma, nameza pia, kama mara tatu au nne kwa wiki.

Dawa zote nazificha kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati. Mwezi uliopita mdogo wa mume wangu, ambaye namwita kaka, alilifungua akitafuta sukari. Akamwaga vyote mezani mbele ya mama mkwe, akasema, “Shemeji, kumbe wewe ni teja.” Sasa mama mkwe anataka Jumatatu nianze mfungo wa siku 21 na dawa zote niziache siku hiyohiyo, niweke imani. Mume wangu amenyamaza. Mama, je, mimi ni teja? Na nikiacha kwa mpigo nitapatwa na nini?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilikutumia ujumbe siku ileile barua yako ilipofika, maana Jumatatu haisubiri gazeti: funga, omba, ila dawa usiache hata moja mpaka umwone daktari. Hapa naandika kwa kirefu, kwa ruhusa yako, kwa sababu makopo ya Blue Band nchi hii ni mengi.

Mimi langu si kopo, ni mkebe wa biskuti, ule ambao kila nyumba umejaa nyuzi na vifungo. Nimekaa miaka 26 dirishani nikiwagawia watu dawa, na mwaka 2013 nikashikwa mwenyewe, ndani ya pantoni ya Kigamboni, katikati ya maji, nimebeba mfuko wa nyanya. Nilidhani ni moyo. Kijana mmoja akanipisha nikae, nikamwachia nyanya zote nikashuka bila kuaga. Baada ya vipimo kama vyako nikaanza dawa kama yako, na mkebe nikaufunika kwa vipande vya kitenge ili wanangu wasiuone. Mfamasia! Ningemkuta mgonjwa wangu anafanya hivyo ningemsema.

Watu watakuambia dawa hizi ni sawa na dawa ya presha tu, jisikie huru. Mfano huo nimeuchoka. Sijapata kuona mtu anaficha dawa ya presha chini ya vitenge. Tofauti ipo, nayo imo midomoni mwa watu. Hapa kwetu mtu akikosea kidogo tu anaambiwa “wewe wa kupelekwa Mirembe”, hospitali ya magonjwa ya akili, na wanaosema hivyo wanacheka.

Sasa tulimwage kopo lako mezani tena, ila safari hii taratibu. Mna dawa mbili, na shemeji yako amezipa jina moja. Hapo ndipo alipokosea. Ila sitakudanganya, hakukosea pote.

Sertraline kwanza. Ulianza na 50 na leo ni 50 ileile. Hailevyi, ukimeza mbili hupati raha, utapata kichefuchefu. Hufanya kazi polepole, wiki mbili hadi sita ndipo mtu anaona nafuu, na siku za mwanzo inaweza hata kuuongeza wasiwasi, ndiyo maana wengi huitupa wiki ya kwanza wakisema imewadhuru. Teja ni mtu anayeikimbilia dawa, kipimo kinapanda, maisha yanabomoka naye bado anaitafuta. Wewe kwa dawa hii maisha yamesimama, darasa la nne wanafundishwa.

Lakini mwili umeizoea, na kuzoea nako kuna gharama yake. Mwaka 2016 nilikwenda msibani Lushoto, mkebe nikausahau Dar. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya. Siku ya tatu nasonga ugali wa wafiwa, nikigeuza macho kutazama kuni, kichwani ikapiga shoti. Sina neno jingine. Kama umegusa waya wa taa uliochunika, lakini kwa ndani, nyuma ya macho, mara moja halafu basi. Nikigeuza macho tena, shoti tena. Usiku ndoto za ajabu, asubuhi kizunguzungu na machozi yasiyo na sababu, na kwa kuwa ni msibani hakuna aliyeniuliza kwa nini nalia. Nilijua ni nini, niliwahi kuwaeleza watu mamia, na bado nilipitiwa na wazo kwamba nimerogwa. Nilipokimeza tena, mambo yakatulia kwa siku chache. Ndiyo utakayoyapata ukiacha kwa mpigo: kwa kawaida hayaui, lakini yanatisha, na mtu huyachukulia kuwa ugonjwa umerudi kwa kishindo. Daktari akiona wakati umefika, hukupunguzia kidogo kidogo, kwa wiki au miezi.

Wakati huo ni lini? Madaktari wengi hupenda mtu akishapata nafuu aendelee angalau miezi sita hadi mwaka, ndipo wazungumze kupunguza. Wewe una miaka minne, kwa hiyo una haki ya kuuliza, na uulize wewe, siyo mama mkwe. Wapo wanaoacha na yakaisha. Mimi nimejaribu mara mbili kwa utaratibu wote, na mara zote mbili pantoni ilinirudia, mara ya pili nikiwa jikoni kwangu. Nimeacha kujaribu. Nina miaka 61, nameza kimoja na chai ya asubuhi.

Haya, Valium. Kwa jina lake la dawa ni diazepam, ipo sokoni tangu 1963. Ni dawa nzuri kwa kazi yake: hospitali tunaitumia kukata degedege, na kumtuliza mtu siku mbili tatu za shida kubwa. Inatuliza ndani ya saa moja, na uzuri wake huo ndio ubaya wake. Ukiizoeza mwili kwa wiki kadhaa, nusu inakuwa kimoja, kimoja kinakuwa viwili. Soma tena barua yako, umeandika mwenyewe kwa mkono wako. Ile unayoionea haya ya kila asubuhi wala si tatizo. Hii unayoiona ya kawaida, kwa vile shangazi na majirani nao wanaijua, ndiyo inayonikosesha raha mimi.

Sikuiti teja. Nasema kamba hiyo inakaza. Na hii ndiyo hasa usiyoweza kuiacha Jumatatu: mtu aliyeitumia mara kwa mara kwa muda mrefu akikata ghafla anaweza kutetemeka, kukosa usingizi kabisa, kuchanganyikiwa, hata kuanguka degedege, na hilo linaweza kuua. Mwambie daktari idadi ya kweli. Siyo “mara mojamoja”. Mwambie Msamvu kimoja, Kitonga cha pili, usiku mara tatu au nne kwa wiki. Yeye atakupangia namna ya kushuka polepole. Mpaka hapo usichanganye na pombe, wala tramadol ambayo watu wanagawiana kama karanga kwa maumivu ya mgongo. Diazepam na tramadol zikikutana, pumzi inaweza kuzimika usingizini. Sertraline nayo na tramadol haziivi.

Kuhusu basi, kidonge kimekuvusha Kitonga lakini hakijawahi kukufundisha Kitonga. Mwombe daktari akuunganishe na mshauri wa tiba ya mazungumzo. Wengine watakuanzisha na safari fupi, Msamvu mpaka kituo cha pili na kurudi, siku nyingine mbele kidogo, siku nyingine Mikumi, mpaka mwili uone kwamba hofu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe bila mtu kufa. Mimi pantoni nilianza kwa kukaa tu upande wa Magogoni nikiitazama ikiondoka. Wiki nzima. Wauza karanga walidhani namsubiri mume.

Mfungo unaruhusiwa: mwulize daktari kama unaweza kuhamishia kidonge cha asubuhi saa ya kufungulia, wengi hufanya hivyo. Na mume wako, huo ukimya wake usiuache ukae hivyo. Nenda naye kliniki, aingie ndani, asibaki kwenye benchi.

SWALI: Mama, mimi ni dereva wa lori, Mwanza, miaka 41. Nameza dawa ya wasiwasi ya jamii ya sertraline, huu ni mwezi wa tatu. Kichwa kimetulia lakini chumbani mambo yamelala. Mke ameanza kuniuliza nina nani. Niache?
Dereva

JIBU: Usiache, rudi kliniki. Ni dawa hiyo, inajulikana, na wanaume wengi huikimbia kimyakimya kwa sababu hii halafu tunawaandika “mgonjwa hakurudi”. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kukubadilishia. Vile vipakiti vya nguvu za kiume vya stendi achana navyo, hujui vimetiwa nini. Na uliza pia kama dawa uliyonayo inakupa usingizi, maana una usukani. Mkeo mwonyeshe jibu hili. Kama hataki kuamini, mwambie aniandikie, namjibu bila kuchapisha.