Kobe amekula mimea yote usiku mmoja

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwanangu wa miaka kumi aliletewa kobe wa majini na mjomba wake kutoka Nairobi, wale wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho. Alikuja akiwa sawa na kifungo cha koti, sasa ashakuwa kama kisahani. Tunamweka ukumbini kwenye tangi la kioo la lita mia moja hivi. Mwezi uliopita nilinunua mimea hai ya majini Mombasa kwa shilingi 1,800, nikaipanda kwenye changarawe, ikapendeza kweli. Kulipokucha yote ilikuwa imeng'olewa, vijiti vinaelea. Jirani yangu asema niagize gugu maji na yungiyungi kutoka ziwa la Mpeketoni, ni bure. Mwengine asema nitie mimea ya plastiki, nipumzike. Na mume wangu auliza kwa nini tusimtie kobe birikani, mle mwa maji ya kuogea, pamoja na samaki. Nishike lipi?
Mama wa watoto watatu, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa hizo 1,800, lakini usimkasirikie kobe. Kobe wa aina hii akiwa mdogo hupenda nyama: dagaa, minyoo, wadudu. Akikua, tumbo lake huzidi kutaka majani. Ungeitia mimea hiyo alipokuwa kifungo, pengine ingesalimika. Kwa sasa umempandia bustani ya mboga, naye amekula mboga.

Nina kobe wa jamii hiyohiyo nyumbani mwaka wa kumi na moja sasa, na mwaka wa kwanza nilipoteza mimea kama wewe. Kilichonisaidia ni kuitenga mimea ya kukaa na mimea ya kuliwa.

Ya kukaa tangini ni ile yenye majani magumu yasiyo na ladha kwake. Anubiasi, mmea wa Afrika ya Magharibi na Kati, na ile aina ya kangaga iitwayo Java, ndiyo niliyonayo. Kobe wangu huionja, akaiacha. Usiifukie changaraweni. Ule mzizi mnene unaotambaa ukizikwa huoza, na kobe akipita anaufukua kwa makucha. Ufunge juu ya jiwe kubwa kwa uzi wa pamba, raundi tatu nne, usikaze sana. Baada ya wiki kadhaa mizizi hulishika jiwe yenyewe na uzi waweza kuukata. Mawe yawe makubwa kuliko kichwa cha kobe, maana changarawe ndogo huzimeza zikamziba tumbo. Hiyo uliyonayo itoe leo.

Na usifunge mmea kwenye kipande cha boriti. Mimi nilikiokota kimoja ufuoni, nikakisugua vizuri, nikakitia. Siku ya tatu maji yalikuwa chai ya mkandaa hasa, ile ya magome, sikumwona kobe wala mmea. Nilibadilisha maji mara tano na rangi bado yatoka.

Mimea ya kuliwa haiishi tangini, huishi darini. Nina beseni kubwa la plastiki juu, nusu juani nusu chini ya makuti, na ndani yake nafuga honiwoti, mmea laini kama mkia wa paka, hauna mizizi, waelea tu na kukua haraka. Kila Ijumaa asubuhi nakata shungi moja, nalisuuza, natia tangini. Kufikia Jumapili limekwisha. Yale ya beseni hayajui habari hiyo, yaendelea kuota. Lemna nayo hufaa, vile vijani vidogo vinavyotanda juu ya maji kama punje za kijani, ila ukivitia mara moja ujue utaviokota kwenye filta maisha yako yote. Siku mimea ya beseni ikipungua, jani la mchicha au sukuma lamtosha.

Lakini maji yaliyosimama darini ni nyumba ya mbu, na sisi wa Lamu hatufai kufundishwa hilo. Mwaka 2004 chikungunya ilipita mji huu nyumba kwa nyumba, watu wakalala viungo vimekaza hata kikombe hawashiki, na mbu wake walizaliwa katika vyombo vyetu wenyewe vya maji. Kwa hiyo fanya walivyofanya wazee. Walitia samaki wadogo birikani ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakajengea bakuli la kauri, ili maji yakikauka samaki wabaki na pa kuishi. Chukua samaki watatu wanne wa birikani uwatie kwenye beseni la mimea. Mimi hufanya hivyo, na asubuhi ukiinama juu ya beseni unawaona wakipita katikati ya majani, kiluwiluwi hata kimoja hakuna.

Hapo nishamjibu na baba watoto. Samaki wapande darini, kobe asishuke birikani. Kwanza atawala hao samaki. Pili, kobe hubeba bakteria ya salmonela bila yeye kuugua, na maji hayo ni ya kuogea na kutawadhia. Marekani walipiga marufuku kuuza kobe wa chini ya inchi 4 tangu 1975, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia midomoni na kuugua. Mwanao anawe mikono kwa sabuni kila akimshika, mdogo wa chini ya miaka mitano asimshike kabisa, na tangi wala mimea visioshwe jikoni.

Jirani yako ana nia njema, lakini sitii mimea ya ziwani nyumbani mwangu hivihivi. Konokono wa maji baridi ndio wabebao kichocho, na mayai yao hugandama chini ya majani, utando mdogo unaong'aa kama ute, huwezi kuuona ukiwa na haraka. Ikibidi, yungiyungi ulitenge kwenye ndoo wiki tatu, ulitazame kila siku bila kutia mkono majini, na konokono akitokea umwage yote mbali na maji. Hata mimea ya dukani huwa natenga hivyohivyo, kwa ajili ya konokono na dawa za wadudu, nikibadilisha maji kila siku mbili. Gugu maji usilivushe Mokowe kuja huku kisiwani kamwe. Kobe angelila kwa furaha, hilo kweli, lakini kipande kimoja kikiangukia dimbwini hukikamati tena. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanapambana nalo tangu miaka ya 1990.

Ya plastiki pia hapana. Kobe haulizi kama jani ni la kweli. Atang'ata, na kipande hakitatoka upesi.

Maji uyaonje kabla. Visima vingi vyetu vina chumvi kidogo, hasa kaskazi ikikolea, na honiwoti huyeyuka ikawa kama uji. Mimi natumia ya mvua. Ya bomba yakiwa na dawa, yaache ndooni wazi usiku kucha na mchana wake.

Jambo la mwanga ndilo lililonitia wasiwasi katika barua yako, kwa sababu nyumba zetu zina kuta nene na ukumbi hauna jua. Anubiasi itavumilia taa ya kawaida. Kobe hatavumilia. Bila miale ya UVB gamba lake hulainika, na jua lililopita kwenye kioo cha dirisha halina miale hiyo, kwa hiyo kusogeza tangi dirishani hakumsaidii, kutamchemshia maji tu na kuotesha ukungu wa kijani. Akiwa hana taa ya miale hiyo, mpandishe darini asubuhi ndani ya karai lenye maji na jiwe la kukaa, upande mmoja uwe na kivuli. Mwanao akae naye asiondoke. Kunguru wa hapa hawana adabu, na paka mwawajua.

Na tangi ni dogo, mwanangu. Hesabu lita 40 kwa kila sentimita mbili na nusu za gamba. Kama ni jike atafika sentimita 25 au zaidi, na huishi miaka 20, 30. Mimea itakupunguzia uchafu wa maji, haitaumaliza, kwa hiyo filta na kubadilisha robo ya maji kila wiki viko palepale. Mkiona hamtaweza, msimwachilie ziwani wala mtoni, si kwao huku. Mwandikieni mjomba, au niandikie mimi, nina nafasi ya mmoja.