Gereji ya Wasomaji: Kabureta Nyingi Huharibikia Kwenye Kusafishwa

Mwezi huu barua nne zimetufikia kuhusu kabureta za magari ya zamani, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa sababu kosa lililomo tunaliona karibu kila gereji kuanzia Katwe, Kampala, hadi Arua.

SWALI: Ndugu mafundi, nina Toyota Dyna ya zamani, injini ya petroli 3Y, inayobeba matoke kutoka vijijini hadi Masaka mjini. Sasa haikai sailensi, yaani haitulii ikinguruma bila kukanyagwa eksileta. Nikiachia eksileta inazima, nikikanyaga inatoa moshi mweusi, na petroli inaisha upesi kuliko zamani. Kabureta imefunguliwa na kusafishwa mara mbili mwaka huu. Kila mara inapata nafuu siku tatu nne, halafu yanarudi yale yale. Mara ya pili jeti, vile vipande vidogo vyenye tundu linalopima petroli, zilichokonolewa kwa uzi wa waya wa breki ya baiskeli. Ninunue nyingine, au hii bado inaokoleka?
*Mwenye Dyna, Masaka*

JIBU: Inaokoleka, ndugu yetu, mradi waya huo usiiguse tena.

Dalili zako zinavutana. Kuzima kwenye sailensi ni njaa: njia ndogo ya petroli imeziba. Moshi mweusi ni shibe: njia kubwa inamwaga kupita kiasi. Kabureta iliyochokonolewa ikiwa na njaa na shibe kwa wakati mmoja, shuku kwamba jeti ya sailensi bado ina uchafu na jeti kubwa imepanuliwa. Jeti ni ya shaba, laini. Waya wa breki ni chuma kigumu. Jeti yenye tundu la milimita 1.10 ikikwanguliwa hadi 1.16, jicho halioni tofauti, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 11. Skrubu ya mchanganyiko haiwezi kurekebisha hilo, maana inatawala sailensi peke yake. Jeti iliyokwanguliwa inatupwa, inawekwa mpya yenye namba ile ile iliyochorwa kichwani mwake. Pale Kisekka, soko la vipuri Kampala, beba jeti yenyewe mkononi, usiende na jina la gari tu.

Nafuu ya siku tatu nne inasema jambo jingine: uchafu unatoka nyuma, kwenye tangi. Mwaga petroli yote, iache itulie ndani ya chupa ya kioo kwa nusu saa, uitazame. Maji yanakaa chini kama tabaka jeupe, kutu inatua kama unga wa kahawia. Safisha tangi, badilisha chujio, na kama huwa unajaza petroli kwa jerikeni, tumia faneli yenye kitambaa. Bila hayo kazi yote inayofuata ni bure.

Kabla ya kugusa kabureta, hakikisha chujio la hewa si zito kwa vumbi, plagi zinachoma, taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) iko sawa, na choki inafunguka yote. Choki iliyokwama nusu peke yake inatosha kuleta moshi mweusi. Kisha washa switchi bila kupiga stata, usikilize solenoidi ndogo iliyofungwa kwenye kabureta: inapaswa kulia "tik". Hiyo ndiyo inayofungua petroli ya sailensi. Waya wake ukichomoka, gari linazima kila ukiachia eksileta, na watu wanashusha kabureta nzima kwa kosa la waya mmoja. Mwisho, injini ikiwaka, nyunyizia maji kidogo kuzunguka kitako cha kabureta na mipira ya vakyumu. Mlio ukibadilika, pale panavuta hewa.

Ukishajiridhisha kwamba tatizo ni kabureta, chomoa waya wa negativu wa betri na ufanye kazi nje, mbali na jiko na sigara. Piga picha kwa simu kutoka pande zote nne, kisha funga kipande cha utepe chenye namba kwenye kila mpira kabla ya kuuchomoa. Ukishaitoa, ziba mdomo wa manifoldi, bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda, kwa kitambaa safi. Nati ikidondoka humo utaishia kufungua kichwa cha injini.

Skrubu ya mchanganyiko inataka subira. Kabla ya kuitoa, ikaze taratibu hadi iguse chini huku ukihesabu mizunguko, na uandike hesabu hiyo. Iguse tu, basi. Ncha yake ni kali kama ya penseli, na ukiibana inajichorea mfereji ambao hautakubali tena sailensi tulivu.

Fungulia juu ya sinia, na tumia trei ya mayai kupanga vipande kwa mpangilio vinavyotoka. Chini ya pampu ya eksileta, ile inayorusha petroli ukikanyaga ghafla, kuna goroli ndogo ya chuma, na kwenye njia ya kutokea kuna goroli nyingine na kizito chake. Pindua kabureta polepole, kiganja kikiwa chini. Jeti kubwa ziko mbili, ya tundu la kwanza la kupitisha hewa na ya tundu la pili, na hazilingani: ya pili ni kubwa. Zikibadilishana nafasi, gari litakunywa petroli kama la kwako na tundu la pili likifunguka halitakuwa na nguvu.

Sasa usafishaji wenyewe. Mafuta ya taa na petroli vinaondoa grisi, lakini petroli iliyokauka huacha utando wa rangi ya asali ulioganda kwenye vijitundu, na utando huo hauyeyuki kwa petroli. Tumia dawa ya kopo ya kusafishia kabureta au thina ya rangi. Toa kwanza kila kitu cha mpira, plastiki na ngozi, pamoja na solenoidi, kisha loweka vyuma kwa saa moja au mbili. Usitumie magadi wala asidi ya betri: mwili wa kabureta ni aloi ya zinki au aluminiamu, na vitu hivyo vinaula hadi unakuwa na vinyweleo.

Baada ya kuloweka, pitisha hewa ya kompresa katika kila njia, ukianzia upande ambao petroli hutokea ili uchafu urudi ulikoingilia. Vaa miwani. Halafu fanya jaribio ambalo wengi wanaliruka: nyunyizia dawa kwenye kila tundu na utazame inatokea wapi. Tundu lisilotoa kitu bado limeziba, hata kama mwili mzima unang'aa. Kabureta inayong'aa nje na kuziba ndani ndiyo iliyokurudisha gereji mara ya pili. Tundu likikataa kabisa, loweka tena, kisha pitisha uzi mwembamba wa nailoni, ule wa kuvulia samaki. Unasukuma uchafu bila kukwangua shaba.

Pima kiboya, kile kinachoelea kwenye bakuli la petroli na kuisukuma sindano ifunge. Cha shaba kizamishe kwenye maji ya moto: vikitoka viputo kimetoboka, na kinazama chini ya uzito wa petroli iliyoingia ndani, sindano haifungi, gari linanywa. Cha plastiki kilinganishe na kipya kwa mzani mdogo, kwa sababu plastiki ya zamani hufyonza petroli na kuwa nzito. Sindano ikiwa na pete iliyochimbika kwenye ncha yake, badilisha sindano pamoja na kiti chake. Sindano mpya juu ya kiti cha zamani haidumu.

Tikisa shafti ya kipepeo cha chini, kile kinachofunguliwa na eksileta. Ikichezacheza kwenye tundu lake, hewa isiyopimwa inaingia pale, na hakuna pakiti ya gasketi itakayoponya hilo. Mpelekee fundi wa mashine ya kukereza aweke bushi. Tumelisema hili peke yake kwa sababu ni sababu kubwa ya kabureta "iliyokarabatiwa yote" kuendelea kukataa sailensi.

Wakati wa kuifunga, weka gasketi za karatasi kavu. Tafadhali usipake silikoni! Petroli huivimbisha, inakatika nyuzi nyuzi, na nyuzi hizo zinakwenda moja kwa moja kwenye jeti uliyotoka kuisafisha. Kile kipande kinene cheusi kati ya kabureta na manifoldi kirudishe mahali pake. Kinazuia joto lisichemshe petroli kwenye bakuli. Kaza nati kwa kupishana, kidogo kidogo kila moja. Anayekaza upande mmoja kwanza anapinda kitako. Kikishapinda, bandika msasa namba 400 juu ya kioo na ukisugue hadi rula isionyeshe mwanga chini yake.

Rudisha skrubu ya mchanganyiko kwa hesabu uliyoandika. Kama hesabu imepotea, anzia mizunguko miwili. Jaza bakuli kwa kuzungusha stata. Usimimine petroli kooni mwa kabureta huku mwenzako akipiga stata, kwa sababu injini ikikohoa, moto unaruka usoni. Ikiwaka, tazama kioo kidogo cha mviringo ubavuni mwa bakuli: petroli ikae kwenye alama. Ikizidi au ikipungua, zima injini, fungua tena na ukunje kidogo ulimi wa bati wa kiboya, ukiwa umekishika kiboya kisiibane sindano.

Injini ipate joto kamili, choki iwe wazi, chujio la hewa liwe mahali pake. Weka sailensi kwenye mizunguko 750 hivi kwa dakika. Geuza skrubu ya mchanganyiko polepole hadi upate mlio wa juu na laini kuliko yote, shusha sailensi tena, rudia, halafu ikaze kidogo mpaka mzunguko uanze tu kupungua. Endesha kilomita 20 na utoe plagi: rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ni sawa, masizi makavu ni petroli nyingi, weupe ni hewa nyingi.

SWALI: Pampu ya petroli ya Hilux yangu, injini 18R, ilikufa. Nimeweka ya umeme iliyotoka kwenye gari la EFI (lisilo na kabureta, linalopuliza petroli kwa umeme). Tangu hapo kabureta inamwaga petroli juu, ingawa sindano ni mpya. Je, sindano ni feki?
*Dereva, Busia*

JIBU: Sindano haina kosa. Pampu ya EFI inasukuma kwa baa 2.5 hadi 3. Kabureta yako inataka kama baa 0.2 hadi 0.3. Hakuna sindano inayoweza kufunga dhidi ya nguvu mara kumi ya ile iliyotengenezewa. Usiwashe gari hilo tena hadi uitoe pampu hiyo, kwa sababu petroli inayomwagika karibu na eksozi ya moto inaweza kuliteketeza. Weka pampu inayoendeshwa na injini yenyewe, au ya umeme iliyotengenezwa kwa magari ya kabureta.

Kabla ya kuwasha, vuta kijiti cha oili. Kikinuka petroli au oili ikiwa imepanda juu ya alama, petroli imeteremka kupitia silinda. Mwaga oili yote na uweke mpya pamoja na chujio, maana oili iliyochanganyika na petroli haishiki beringi.

Kisha pima sindano yako bila gari: pindua kifuniko cha kabureta ili kiboya kikae juu ya sindano kwa uzito wake, na upulize kwa mdomo kupitia mpira safi mahali petroli inapoingilia. Hewa isipite. Inua kiboya kwa kidole, ipite. Hapo utajua.

SWALI: Lori langu lilifanyiwa tyuni Kampala likawa zuri. Hapa Kabale linatoa moshi kidogo na ni zito mlimani. Kijana wa gereji anasema nibadilishe jeti zote. Ni kweli?
*Mama mwenye lori, Kabale*

JIBU: Mama, usinunue jeti bado. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Kabale kama 2,000. Hewa ya huko kwenu ni nyepesi kwa karibu asilimia 8 kuliko ya Kampala, na kabureta haijui hilo. Petroli yake inapungua kwa kama nusu tu ya upungufu huo wa hewa. Mchanganyiko unaongezeka petroli kwa asilimia 4 hivi. Hicho ni kiasi kidogo. Kinaeleza sailensi nzito, hakielezi moshi unaoonekana wazi.

Anzeni na chujio la hewa na usawa wa kiboya, kisha kijana apange upya skrubu ya mchanganyiko hapo hapo Kabale, injini ikiwa na joto. Anaweza pia kusogeza taimingi mbele nyuzi 2, akisikiliza injini isigonge ikipanda mlima. Uvivu wa injini uliobaki unatokana na hewa nyepesi yenyewe, na jeti haziwezi kuuondoa. Jeti ndogo zina maana tu kama lori halishuki kamwe kutoka milimani. Likiteremka mara kwa mara hadi Mbarara au Kampala likiwa na jeti hizo na mzigo, litakimbia na petroli pungufu, na vali zinaweza kuungua.

SWALI: Nikikanyaga eksileta ghafla, pikapu inashtuka kama inataka kuzima, kisha inakwenda vizuri. Sailensi haina shida.
*Msomaji, Gulu*

JIBU: Pampu ya eksileta. Zima injini, toa chujio la hewa, tazama kooni kwa tochi, na vuta waya wa eksileta kwa mkono. Mchirizi wa petroli uruke papo hapo, bila kuchelewa. Ukichelewa au ukiwa dhaifu, ngozi ya pampu imekauka, hasa kama gari limesimama wiki nyingi. Iloweke kwenye oili ya injini usiku mzima, ipanue kingo zake kwa vidole, uirudishe. Usipotoka kabisa, ama kijitundu cha kutokea kimeziba, ama ile goroli ilidondoka wakati kabureta ilipofunguliwa mara ya mwisho na hakuna aliyeiona.