Muulize Shangazi: Kazi zimejaa, mbona mkononi sina kitu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwaka huu nimefungua chumba changu cha ushoni na nimeajiri msaidizi mmoja. Namshukuru Mungu wateja wapo, wengine hata nawarudisha. Ajabu ni kwamba kila ukikaribia mwisho wa mwezi nahangaika kutafuta kodi ya chumba. Sasa kuna taasisi imenipa oda ya makoti ya kazi 200, malipo siku 60 baada ya kupokea mzigo. Mume wangu anasema hiyo ni bahati nisiiachie. Mimi naogopa. Niipokee?
– Fundi Mwenye Hofu

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiipokee kwa masharti hayo, wala usiikatae kabla hujaongea nao. Kwanza chukua kalamu tuhesabu siku.

Leo unanunua kitambaa, nyuzi, zipu na vifungo. Wewe ni mgeni kwa wauza vitambaa, kwa hiyo watataka taslimu. Tuseme wewe na msaidizi wako mnamaliza makoti 10 kwa siku. Hizo ni siku 20 za kazi, na ukiweka mapumziko ya mwisho wa juma ni wiki nne, yaani siku 28. Unakabidhi mzigo, halafu ndipo zile siku 60 zinaanza. Tangu pesa itoke mfukoni mwako hadi irudi ni siku 88, tena kama wakilipa siku ileile waliyoahidi. Ndani ya siku hizo kodi itadaiwa, msaidizi atataka mshahara wake kila mwezi, na kwa wiki nne cherehani zenu hazitakuwa na nafasi ya mteja wa kawaida anayelipa papo hapo. Oda hiyo inaweza kuwa na faida nzuri kabisa kwenye karatasi na bado ikakufungia mlango kabla hujaipata. Biashara changa nyingi nilizoziona zikifa zilikuwa na wateja. Zilikosa pesa ya kuvukia tu.

Rudi kwao ukaombe arubuni inayotosha angalau kitambaa chote. Wakikataa, waambie walete kitambaa wao, wewe uwatoze ufundi peke yake. Hilo nalo likishindikana, omba kukabidhi kwa mafungu ya makoti 50, kila fungu lilipwe kabla hujaanza linalofuata. Lolote mtakalokubaliana liandikwe: idadi, vipimo, bei, tarehe ya kukabidhi, tarehe ya kulipwa, na saini ya mtu mwenye mamlaka ya kuidhinisha malipo. Yule anayekupenda na kukusifia kazi si lazima awe ndiye anayelipa. Siku ya kukabidhi, mpokeaji asaini hati ya mzigo na kuandika tarehe, maana siku zako zitahesabiwa kutoka kwenye karatasi hiyo.

Wakikataa yote, waage kwa heshima. Mwambie na baba watoto kwamba Shangazi ndiye aliyesema.

Sasa nije kwenye lile lililonigusa zaidi, kwa sababu kodi ilikusumbua hata kabla ya oda hii. Tazama ukutani kwako. Nguo ngapi zimekamilika, zimepigwa pasi, zinaning'inia na wenyewe hawajaja? Zihesabu leo, na pembeni ya kila moja uandike kiasi kilichobaki kulipwa. Hiyo ni kodi yako imetundikwa kwenye henga. Wapigie simu wenyewe mmoja mmoja, na kuanzia sasa usikate kitambaa cha mtu hajatoa nusu.

Lakini nusu hiyo nayo ina mtego, na mafundi wengi hunaswa hapo. Arubuni ya Jumatatu inanunua nyuzi za nguo ya wiki iliyopita, arubuni ya Jumanne inalipa umeme, na ikifika zamu ya kushona ile ya Jumatatu, pesa yake haipo, inabidi utafute mteja mpya. Mtu wa namna hiyo anaonekana ana kazi nyingi kweli, kumbe anakimbizana na kazi alizokwisha kula. Arubuni ni deni mpaka nguo imalizike. Itie kwenye bahasha yenye jina la mteja, utoe humo gharama za nguo yake tu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Asubuhi hesabu pesa iliyomo kwenye droo, uiandike. Kila inayoingia andika, pamoja na ile ya simu kwenye safu yake. Kila inayotoka andika, hata nauli ya mtoto, na hiyo iandike kwa jina lako. Jioni, ya asubuhi ujumlishe iliyoingia utoe iliyotoka. Droo ikikataa kulingana, usilale hujajua kwa nini. Halafu jipangie mshahara, hata uwe mdogo, uchukue siku moja kwa mwezi. Siku nyingine droo si mkoba wako.

SWALI: Shangazi, nauza vifaa vya ofisini. Jirani aliyefungua karibu yangu ameshusha bei kwa asilimia 10. Na mimi nishushe?
– Muuza Kalamu

JIBU: Tuchukue bidhaa uliyoinunua kwa 100 ukaiuza 125. Faida yako ni 25. Ukishusha asilimia 10 utauza 112.50, na faida itakuwa 12.50. Nusu imekwenda! Ili upate kile ulichokuwa unapata, inabidi uuze mara mbili ya unavyouza sasa, na kodi haijapungua hata senti. Angalia zile bidhaa chache ambazo kila mteja anajua bei yake kwa kichwa, kama kalamu na karatasi, hizo ulingane na jirani. Nyingine ziache palepale. Na kabla ya kugusa bei yoyote, mwulize anayekuuzia jumla atakupunguzia kiasi gani ukilipa taslimu.