Mbu wa mikorosho mwekundu na mweusi: ni wadudu wawili?

SWALI: Kwenye machipukizi ya mikorosho nakamata wadudu wembamba wenye vipapasio virefu, wengine wekundu, wengine weusi. Bwana shamba anasema wote ni mbu wa mikorosho. Nitahakikishaje? – Msomaji, Newala

JIBU: Jina lisikupoteze. Mbu ana mabawa mawili. Huyu ana manne, na ni wa jamii ya kunguni, familia ya Miridae. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, uanze kichwani: kati ya macho makubwa hapana vijicho vidogo. Ukiviona viwili, na ncha ya bawa ina mishipa mingi, huyo ni kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi, ambaye naye hushambulia mikorosho.

Kisha tazama mgongoni, kwenye kipande cha pembetatu kati ya mabawa. Mwiba uliosimama wima, wenye kichwa kama cha pini, ndio alama ya Helopeltis, jenasi iliyopewa jina na Signoret mwaka 1858. Tunutu aliyetoka kuanguliwa hana mwiba huo, na wa mdudu mzima huvunjika ukimbana kwa vidole. Tafuta kovu kabla ya kumkataa.

Rangi iache, maana hubadilika ndani ya spishi moja. Mikoroshoni kwetu wapo H. anacardii na H. schoutedeni, na cha kutegemea ni viungo vya uzazi vya dume. (Jike lina mpasuo wa kutagia chini ya tumbo.) Kata ncha ya tumbo la dume, ipashe moto polepole kwenye potasi kaustiki ya asilimia 10 kwa dakika chache hadi ianze kupenya mwanga, suuza kwa maji, kisha iweke kwenye tone la gliserini chini ya hadubini. Ukipitiliza, utando huharibika. Vishikio viwili vya dume, vile vya kumshikia jike wakati wa kupandana, havifanani. Usidhani kimoja kimekatika. Linganisha cha kushoto cha dume mmoja na cha kushoto cha mwingine.

Madume mengine yakaushe, uyagundishe kwa ubavu wa kulia kwenye ncha ya karatasi ngumu ya pembetatu. Spiriti ya asilimia 70 hufifisha rangi, na vipapasio hung'oka chupa ikitikiswa. Lebo ndani ya spiriti iandikwe kwa penseli: mahali, tarehe, mmea.

SWALI: Na mayai yake? – Msomaji, Masasi

JIBU: Hudungwa ndani ya chipukizi; nje hubaki nyuzi mbili zisizolingana urefu. Spishi huwezi kuijua kwa hizo.