Nyasi bandia mlimani: anza na maji

Umeuliza kama nyasi bandia zitadumu kwenye kiwanja cha mpira unachotaka kujenga nyumbani, mlimani. Nyasi zenyewe hazina neno. Tatizo huwa chini yake. Kwanza chimba mtaro upande wa juu, maji ya mvua yapite kando, la sivyo yatakubebea msingi wote. Ukishasawazisha mteremko, ule upande wa chini uliojazwa udongo ushindilie tabaka kwa tabaka, maana ndio utakaotitia. Kisha juu ya kiwanja chote mwaga kokoto zilizopondwa, sentimita 10 hadi 15, zikiinama asilimia 1 hivi. Ardhi ikiganda kwa baridi, ongeza unene. Jua la mlimani ni kali, kwa hiyo chagua nyasi zenye kinga ya miale. Na usisahau wavu mrefu upande wa bondeni, usije ukashinda ukifukuzia mpira.